Kutunza Nyumba Wakati wa Kipupwe

Mvua za masika zinapopungua na upepo wa kusi kushika njia yake, miezi ya baridi huingia katika wilaya za Tarime na Serengeti. Kuanzia Juni hadi Agosti wanachama huamka na kukuta ukungu umetanda bondeni, umande umelowesha majani, na watoto wamejikunyata jikoni wakisubiri uji. Hii si baridi ya Ulaya, ambako maji huganda ndani ya mabomba na theluji huziba milango. Hata hivyo kila kipupwe huacha hasara majumbani, na mara nyingi hasara hiyo haitokani na baridi yenyewe bali na namna watu wanavyojikinga nayo. Mtu huziba kila upenyo wa nyumba yake, kisha huingiza moto ndani. Kuziba peke yake huleta unyevu na hewa nzito. Moto peke yake, katika jiko lililojengwa vema, haudhuru sana. Mambo hayo mawili yakikutana usiku katika chumba kimoja, huua.

Makala haya yanaeleza kwa nini iko hivyo, na jinsi nyumba inavyoweza kupatiwa joto bila kuhatarisha waliomo wala mazao yaliyohifadhiwa humo.

BARIDI YATOKA WAPI

Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Nyanda za juu za Tarime, kuelekea Muriba, Nyamwaga, Itiryo na Nyanungu, ziko baina ya mita 1,500 na 1,800 hivi. Kwa kawaida joto la hewa hupungua kwa digrii zipatazo 6 kila mtu apandapo mita 1,000. Kwa hesabu hiyo, mkazi wa milimani huishi katika hewa iliyo baridi kwa digrii 2 hadi 4 kuliko ndugu yake wa pwani ya ziwa, hata kabla ya kuhesabu upepo na ukungu. Tena ziwa lenyewe hutunza joto la mchana na kulirudisha usiku, kwa hiyo wa pwani hupata blanketi ambalo wa mlimani hana.

Baridi ya Serengeti ina tabia nyingine. Huko Mugumu, Nata, Ikoma na Issenye miezi hiyo huwa mikavu. Mchana jua huwaka, nyasi hukauka, na mtu akipita saa nane hawezi kuamini kwamba usiku blanketi mbili zilihitajika. Sababu ni anga lililo wazi. Mawingu ni kama paa la pili juu ya nchi. Yasipokuwapo, joto lote lililoingia ardhini mchana hupanda na kupotea usiku, na baridi kali zaidi huja karibu na alfajiri. Kwa ufupi, adui wa nyumba ya Tarime katika kipupwe ni unyevu, na adui wa nyumba ya Serengeti ni usiku mkavu wenye upepo, pamoja na moto unaoweza kurushwa na upepo huo hadi kwenye paa la nyasi.

NYUMBA YA NYASI NA NYUMBA YA BATI

Nyumba ya zamani katika sehemu hizi ilikuwa ya duara, kuta za miti na udongo, paa la nyasi nene. Moto uliwaka ndani, na moshi ulijipenyeza katika nyasi taratibu na kutoka. Moshi ule uliumiza macho na vifua, na hakuna haja ya kuusifu. Lakini paa lile lilikuwa na fadhila mbili: lilishika joto, na lilipumua. Hewa iliyochafuka ilipanda na kupita, nayo hewa mpya iliingia kwa chini, pasipo mwenye nyumba kufikiri lolote juu ya jambo hilo.

Mwaka 1974, katika operesheni ya kuhamia vijijini, familia nyingi za Mara ziliacha miji yao ya zamani na kujenga upya. Katika miongo iliyofuata nyumba za pembe nne, za matofali na bati, zilienea hadi zikawa ndiyo kawaida. Hayo ni maendeleo, na hakuna mwanachama atakayeshauriwa kurudi nyuma. Bati halivuji, halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, wala halishiki moto kama nyasi. Ila bati lina tabia ambazo nyasi hazina, na asiyezijua hushangazwa nazo.

Bati ni jembamba. Usiku usio na mawingu hupoteza joto lake haraka hata likawa baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Ndani ya nyumba watu wanapumua, na kila pumzi ina maji. Familia ya watu sita hutoa maji mengi kwa usiku mmoja kwa kupumua tu. Mvuke huo ukipanda na kugusa bati baridi hugeuka matone, na matone hudondoka juu ya vitanda, magunia na madaftari ya watoto. Wengi huamka asubuhi wakidhani bati limetoboka, wakapanda juu na lami kutafuta tundu lisilokuwapo. Hakuna tundu. Ni pumzi zao wenyewe zinawarudia.

Dawa yake ni dari. Si lazima iwe ya mbao za kununua. Majamvi ya mafunjo kutoka pwani ya ziwa, au mikeka ya matete iliyosukwa kwa kubana, ikitandazwa juu ya fito na kufungwa vizuri chini ya kenchi, huacha nafasi ya hewa baina yake na bati. Hewa hiyo iliyotulia ndiyo hasa inayokinga baridi; jamvi lenyewe ni kizuizi tu cha kuishika. Chumba kilichowekewa dari ya namna hiyo hutofautiana na jirani yake usiku wa kwanza. Sharti moja halina mjadala: dari ya majamvi haiwekwi juu ya mahali pa kupikia, wala kibatari hakitundikwi chini yake.

MKAA USIO NA MOSHI

Hapa ndipo penye hatari kubwa, nayo yahitaji kuelezwa kwa kirefu.

Mtu ajuaye kwamba moshi ni mbaya hupika kwa kuni nje, na usiku huingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate joto. Huona amefanya busara, kwa sababu mkaa uliokolea hautoi moshi. Macho hayawashi, hakuna anayekohoa, chumba kina joto zuri. Mlango umefungwa, dirisha limefungwa, na mara nyingine kitambaa kimesukumwa chini ya mlango. Kumbe mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Pua haiwezi kuitambua, wala aliyelala hawezi kuamshwa nayo kama aamshwavyo na moshi.

Utendaji wake ulianza kufafanuliwa na mtaalamu wa Ufaransa, Claude Bernard, katika miaka ya 1850. Kazi ya damu ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Kaboni monoksaidi ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni kama lori la chama lililopakiwa mchanga: linakwenda na kurudi, magurudumu yanazunguka, lakini mahindi hayafiki. Mtu anaendelea kupumua, kifua kinapanda na kushuka, huku ubongo na moyo vikikosa chakula chao. Aliye macho huanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu wa miguu. Aliyelala hapati hata onyo hilo.

Wala si janga la maskini peke yao. Mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, Émile Zola, alifariki usiku mmoja wa Septemba 1902 nyumbani kwake Paris, katika chumba kilichofungwa, baada ya gesi ya moto wa kupasha joto kukosa njia ya kutokea kwenye dohani. Mkewe aliyelala chumba hicho hicho aliokolewa akiwa hoi.

Kuna mazoea kadhaa yanayodhaniwa kuwa ni kinga. La kwanza ni kufunika makaa kwa majivu kabla ya kulala. Majivu hupunguza hewa inayofika kwenye mkaa, na mkaa uliopungukiwa na hewa ndio unaotoa sumu kwa wingi zaidi kulingana na kiasi kinachowaka. La pili ni kuweka jiko pembeni mwa chumba, mbali na kitanda. Gesi huchanganyika na hewa yote, haikai pembeni. La tatu ni kumnywesha maziwa aliyekwisha kuathirika. Maziwa hayaondoi sumu hii, nayo yaweza kumpalia mtu aliyelegea.

Linalofaa ni moja. Mtu au familia ikikutwa imelewa au imezirai katika chumba chenye jiko, mlango na madirisha yafunguliwe mara moja, watolewe nje penye upepo, jiko nalo litolewe, na wapelekwe zahanati au hospitali bila kuchelewa hata kama wameanza kupata nafuu. Mwokoaji avute pumzi nje, aingie na kutoka upesi. Wapo walioanguka juu ya wale waliokwenda kuwaokoa.

Ipo dalili moja ambayo kila mzazi yafaa aijue. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu hufanana na malaria, na kipupwe kinafuata masika, wakati ambapo malaria huwa bado ipo. Lakini malaria haiwapati watu wote wa nyumba saa moja, wala haipungui mtu akikaa nje nusu saa. Watu wote wakiamka na vichwa vizito, na hata mbwa aliyelala ndani akipepesuka, pasitafutwe mchawi wala chakula kibovu kabla ya kutazamwa jiko.

Kuni nazo zisionekane kuwa salama kwa sababu tu mkaa umelaumiwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majikoni ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Nimonia ya watoto, ambayo watu husema imeletwa na baridi, kwa sehemu kubwa huletwa na mapafu yaliyokwisha kuchoshwa na moshi. Ndiyo maana jiko la kuni lililojengwa kwa udongo, lenye dohani inayopita juu ya paa, ni matengenezo ya nyumba sawasawa na bati na mlango. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mpaka gesi na umeme vifike kila kitongoji kwa bei inayobebeka, dohani ya matofali itaendelea kuwa na kazi.

MADIRISHA NA WEZI

Mtu atauliza: kwa nini basi watu wasiache tu dirisha wazi? Swali hili halijibiwi kwa kukemea. Katika vijiji vingi vya wilaya hizi madirisha yamefanywa madogo, au yamezibwa kabisa kwa tofali, si kwa ujinga bali kwa hofu. Wizi wa mifugo umewafundisha watu kulala nyuma ya kuta zisizo na upenyo, na wengine hulala pamoja na ndama na mbuzi ndani. Mtaalamu ajaye kutoka mjini na kuamuru madirisha makubwa hatasikilizwa, na kwa kweli hastahili kusikilizwa.

Lakini hewa haihitaji dirisha kubwa. Inahitaji njia mbili: ya kuingilia na ya kutokea. Hewa iliyopashwa moto na miili hupanda. Kwa hiyo tundu la kutokea liwe juu, karibu na mtambaa panya, na la kuingilia liwe chini zaidi katika ukuta wa upande mwingine, pasipoelekea kitandani. Kila tundu likiwa na ukubwa wa tofali moja au mawili linatosha kwa chumba cha kawaida. Hakuna mwizi apitaye katika tundu la tofali, na mwenye shaka aweza kuweka kipande cha nondo katikati wakati wa kujenga. Nje litandazwe wavu wa mbu, maana tundu lililo juu, chini ya upenu, ndilo mlango wanaoupenda mbu. Chandarua kiendelee kutumika. Wengi hukikunja mara baridi inapoingia kwa kudhani mbu wamekwisha.

Izingatiwe kwamba matundu hayo ni kwa ajili ya pumzi na unyevu. Hayampi mtu ruhusa ya kulala na jiko la mkaa.

Kuhusu ndama na mbuzi: wao pia hupumua, hukojoa, na huongeza unyevu ndani kuliko watu. Ndama anayelala penye majimaji hupata ugonjwa wa mapafu hata kama chumba kina joto. Banda dogo lililoshikana na ukuta wa nyumba, lenye mlango unaofunguka kuelekea uani na matandiko makavu yanayobadilishwa, huwalinda pasipo kuwapumulia watoto.

UKUTA, SAKAFU NA MFEREJI

Kuta za udongo zilizopigwa na masika huwa na nyufa, na chini, karibu na msingi, udongo huwa umeliwa na maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye upenu. Kipupwe ni wakati mzuri wa kusiriba kuliko wengi wanavyofikiri. Udongo ukikauka haraka kwa jua kali hupasuka; ukikauka polepole katika hewa ya ubaridi hushikamana. Sharti ukuta usinyeshewe kabla haujakauka, kwa hiyo wa nyanda za juu za Tarime, ambako mvua haikatiki kabisa hata Julai, afanye upande mmoja mmoja na kuufunika.

Udongo wa kichuguu ni bora kwa sababu hushikana, lakini peke yake hupasuka. Mchanga ndio unaotuliza. Samadi ya ng'ombe iliyolowekwa siku kadhaa huongeza nyuzi na kuzuia nyufa. Vipimo hutofautiana kwa kadiri ya udongo wa kila kijiji, na njia ya kweli ni kujaribu: michanganyiko mitatu ipakwe ukutani kwenye eneo la kiganja, iachwe ikauke siku tatu, na ule usiopasuka wala kupukutika ukisuguliwa kwa kidole ndio utumike. Mafundi wazee hufanya hivyo bila kuambiwa.

Ufa unaozibwa ni ule wa ukutani na chini ya mlango, upepo upitapo usawa wa kitanda. Upepo huo ndio unaomwibia joto aliyelala. Matundu ya juu yaachwe.

Sakafu ya udongo hunyonya maji kutoka chini kama utambi unyonyavyo mafuta. Haifai kuhangaika na sakafu kabla ya kuchimba mfereji kuizunguka nyumba, wa kina cha goti la mtoto hivi, unaoelekeza maji mbali na kuta. Baada ya mfereji, sakafu ipigwe samadi na majivu. Wenye uwezo waweke kokoto na saruji. Na kama hata hilo halijawezekana, angalau asiwepo mtu anayelala juu ya ngozi au mkeka uliotandikwa juu ya udongo mbichi. Kitanda cha fito chenye kuacha nafasi chini yake kinafaa kuliko godoro zuri lililowekwa sakafuni.

Mablanketi na magodoro yaanikwe mara jua litokapo. Nguo yenye unyevu huchota joto la mwili. Kwa anayetaka joto la ziada kitandani, jiwe laini lililowekwa kando ya moto wa jikoni, kisha likafungwa katika vitambaa viwili, hudumu na joto kwa muda mrefu usiku. Chupa imara ya maji ya moto iliyozibwa barabara hufanya vivyo hivyo. Moto unabaki jikoni, joto linakuja chumbani. Jiwe lisitolewe mtoni, maana lililojaa maji ndani hupasuka likichomwa.

Mtoto mchanga hana uwezo wa kujitunzia joto. Huyo awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wote wakafunikwa pamoja, kichwa chake kikiwa na kofia. Shirika la Afya Duniani lashauri asiogeshwe katika saa 24 za kwanza. Bibi na babu wanaolala peke yao katika nyumba ndogo ya uani ndio wanaosahaulika zaidi, tena ndio wanaopelekewa jiko la mkaa kwa upendo.

MAHINDI NA KAHAWA CHUMBANI

Mavuno ya masika huingia nyumbani katika miezi hii ya baridi, na kwa sababu ile ile ya wizi, magunia hupangwa chumbani badala ya ghalani. Basi nyumba inakuwa chumba cha kulala, jiko na bohari kwa wakati mmoja.

Mahindi yaliyowekwa yakiwa mabichi, katika nyumba yenye unyevu, huota kuvu, na kuvu huacha sumukuvu. Mwaka 2004 nchini Kenya, katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba nyumba zilizopatwa zaidi ni zile zilizohifadhi mahindi yenye unyevu ndani badala ya ghalani. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Dodoma na Manyara, watu 68 wakiugua na 20 kufariki. Kupika ugali hakuiondoi sumu hiyo, wala kutengeneza pombe.

Mahindi yatakayokaa yapasa kukaushwa mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo achukue chupa ya kioo iliyo kavu, atie kiganja cha mahindi na vijiko viwili vya chumvi kavu, atikise vizuri, kisha aiache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Isipogandamana, yaanikwe siku moja au mbili zaidi kwa uhakika. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta kwa kiasi cha mtu kupitisha mkono. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri sana kwa kuzuia bungua, lakini haikaushi mahindi. Anayefungia unyevu humo anaufuga.

Kahawa ina shida yake. Wazee waliening'iniza mbegu ya mahindi juu ya meko, na moshi uliilinda na wadudu. Moshi huo huo ni msiba kwa kahawa. Kahawa ya maganda hukaushwa hadi unyevu wa asilimia 11 au 12, na baada ya hapo hunyonya kila kilichomo hewani: unyevu, moshi, mafuta ya taa, dawa ya mifugo, hata harufu ya vitunguu. Jicho halioni lolote. Ganda ni jeupe, punje ni nzuri. Lakini kikombeni mwonjaji hupata ladha ya moshi, na kahawa hushushwa.

Hapo jambo la nyumbani huwa jambo la chama. Kahawa ya mwanachama mmoja haiuzwi peke yake. Huchanganywa na ya wenzake katika fungu moja. Gunia moja lililolala wiki tatu karibu na meko laweza kuharibu ladha ya fungu zima, na wanachama ambao walikausha na kutunza vema hulipwa kwa bei ya mwenzao asiyejali. Karani apokeaye kahawa ana haki ya kuingiza mkono guniani na kunusa kabla ya kupima, na mwanachama asichukie. Kahawa yenye harufu iwekwe kando. Bora zaidi, chama kinachoweza kifungue ghala kila wiki, ili isikae majumbani katika miezi ambayo moto unawaka usiku kucha.

GHALA NA MLINZI WAKE

Yaliyosemwa juu ya nyumba yanahusu ghala la chama pia. Bati lake hutoa matone, sakafu yake hunyonya, na magunia yanayogusa ukuta hulowa. Chaga, nafasi ya kupita, matundu ya juu yenye wavu, na mbolea na mafuta ya taa kuwekwa chumba kingine: hayo katibu ayakague kabla ya Juni kwisha.

Lakini limo jambo moja ambalo kwa kawaida halimo katika ukaguzi wowote. Mlinzi wa ghala hulala katika kibanda chenye upana wa kitanda, mlango wa bati, pasipo dirisha. Saa tisa za usiku baridi ya Nyanungu au ya Ring'wani humfikia huko, naye huvuta jiko lake la mkaa ndani na kufunga mlango. Hakuna mke wala mtoto wa kumwamsha. Kamati zinazotumia fedha kununua kufuli mpya kila mwaka zaweza kumpatia koti zito, mablanketi mawili, chupa ya kutunzia chai ya moto, na kibanda chenye tundu la tofali juu na jingine chini. Jiko libaki nje ya mlango, mahali anapoweza kutoka akaota moto na kurudi. Maagizo hayo apewe kwa mdomo, mbele ya mwenyekiti, na yaandikwe katika kitabu cha mikutano, ili mlinzi ajaye baada yake ayakute.

Katibu aweza pia kuyasoma makala haya kwa sauti siku ya mkutano mkuu, au siku ya malipo watu wanapokuwa wengi. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 nchini walijifunza kwa kukaa katika vikundi, kusikiliza redio, kisha kujadiliana na kwenda kutenda siku hiyo hiyo. Baada ya kusoma, wanachama wataje nyumba za kitongoji ambamo wazee hulala peke yao, na wapangwe vijana wa kwenda kutoboa matundu na kuchimba mifereji kabla ya Julai.